Koo Lilipona, Ngozi Ikaanza

Msimu ule wa kupura ulezi nilikuwa kijijini Mwimbi kwa shangazi yangu, ndugu pekee ambaye hajawahi kuchoka kunipokea. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiacha mapema, nikabaki na maswali. Baridi ilinishika koo hadi mate yakawa hayamezeki, lakini hakuna aliyejali. Majirani walikuja kutusaidia kupura, na baada ya kazi tulikunywa pombe ya ulezi kwa kata moja ya kibuyu, inazunguka mkono kwa mkono. Ndivyo wanavyoshukuriwa watu wa kazi, na kuikataa kata ni kuwadharau. Nilikunywa, nikampa wa pembeni yangu.

Koo likapona. Wiki kadhaa baadaye niliamka na vidoa vyekundu kifuani, kama nimenyunyiziwa rangi. Vikasambaa mgongoni na mikononi, vikaota magamba meupe. Shangazi alinitengea kikombe cha plastiki, akakiweka mbali na vyombo vingine. Nikaogopa. Nyumba ile ikinifungia mlango, sina nyingine.

Nikaenda Sumbawanga mjini. Daktari, mwanamke niliyemzidi umri, aliniuliza habari za koo kabla hata ya kugusa ngozi. Alisema kinga ya mwili ilikuwa inapambana na vijidudu vya kooni, na kwa baadhi yetu, tuliozaliwa na mwelekeo huo, inakosea na kuanza kuishambulia ngozi yetu wenyewe. Nilimuuliza mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Kwa nini mimi na si wengine? Itaisha lini?

"Huenda ikaisha baada ya miezi, huenda ikarudi," alisema. "Ila haiambukizi. Kilichokuwa kinaambukiza ni lile koo."

Nilirudi na dawa ya kupaka na habari hiyo. Jioni nikawakuta shangazi na majirani wamezunguka chungu cha pombe, nikawaeleza yote.

"Yaani askari wako wamelewa, wanampiga mwenye nyumba," alisema jirani mmoja. Tukacheka, hata mimi.

"Nimekuelewa, baba," shangazi alisema, kisha akanimiminia kwenye kikombe cha plastiki.

Kata ilipomfikia yule jirani, nilimwona anameza huku amekunja uso, mkono shingoni.

"Koo linauma?" nikamuuliza.

"Baridi tu, mshikaji. Hii ndiyo dawa yake." Akanywa, akampa shangazi.

"Shangazi, hiyo usinywe."

Shangazi aliishusha kata magotini.

"Wewe tumekuvumilia na mwili huo," alisema. "Leo unamtenga mwenzako?"

Akanywa taratibu, wote wakimwona, akapitisha kata.

Asubuhi nilisikia fimbo zikipiga ulezi uani. Hakuna aliyekuja kuniita.