Onyo Alilolidai Bibi

Leo Bibi yangu amecheka kwenye ukurasa ulioniliza mimi wiki nzima.

Naandika riwaya ya mapenzi ya enzi za Mjerumani, huku kwetu Uluguru. Mwanzoni kabisa nimeweka onyo: humu mna vipigo, mna machozi.

Nikaona nimsomee Bibi kwanza. Ameteremka jana kutoka mlimani, yuko kwangu Mwembesongo, hapa mjini, anachambua mchicha.

Nikafika pale mhusika wangu mkuu, Mwanahawa, anapofukuzwa shambani na mumewe, mvua inanyesha. Nasoma huku nafuta machozi.

Bibi kacheka mpaka mchicha umemwagika.

"Anafukuzwa kwenye shamba la nani?"

"La mumewe, Bibi."

"Mwanaume wa Kiluguru kalitoa wapi? Ardhi ni ya ukoo wa mama. Hapo anayekunja mkeka aondoke ni yeye!"

Jamani. Na mimi ni Mluguru! Sura nane zimekwenda na maji. Haya, chekeni.

Mchana kutwa nimeandika upya. Sasa mume ndiye anayelowa, na kwa kweli imenoga.

Nikamuuliza Bibi, lile onyo nilifute?

"Liache. Ila ongeza: mwandishi kakulia mjini."