Muhuri Unaoufaa Mkono wa Dada Yangu

Dada yangu hanywi pombe. Hajawahi. Hata togwa lililolala analikataa, anasema linamvuruga tumbo. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema neno lolote kuhusu mihuri na kadi, kwa sababu kuna mama mmoja alisimama kwenye veranda yangu hapa Nyasubi, kashika kadi nilizomtengenezea kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza, akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani, "Hizi nani kagonga? Mlevi?"

Na dada alikuwa ndani, nyuma ya pazia.

Lakini ngoja nieleze vizuri, maana nikianza na hasira sitamaliza.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ambayo kila mtu anakwambia "pole". Nikaolewa, nikazaa, na mtoto akiwa bado ananyonya nikaanza kutengeneza kadi za mialiko: send-off, ubatizo, kipaimara, maulidi, mahafali ya watoto wa chekechea. Maduka ya kuchapisha yapo tele mjini Kahama, kompyuta zao zinatoa kadi mia kabla chai haijapoa. Ila wapo watu wanaotaka kadi chache tu, zenye ua lililogongwa kwa mkono, wino unaousikia ukipitisha kidole. Hao ndio watu wangu. Nakata manila, nakunja, nagonga ua, nagonga maneno, nafunga utepe. Mtoto mgongoni, mlango wazi nipate mwanga.

Sisi wa kazi hii tumegawanyika kwenye mihuri. Muhuri wa mpira ni ule unaoujua kutoka ofisi ya mtaa: mpira umebandikwa kwenye kibao, juu kuna mpini. Unadumu. Unapokea wino wowote, hata ule wa zambarau wa ofisini. Ubaya wake, ukishaushusha hujui unaangukia wapi, kibao kimekuziba macho. Wa pili ni wa plastiki, laini kama jeli iliyoganda, unaona hadi ng'ambo. Hauna mpini. Unaubandika kwenye kipande cha plastiki ngumu kinachong'aa, unagonga, unaubandua, unabandika mwingine. Sisi tunauita wa kioo. Raha yake ni kwamba unaiona karatasi chini yake, basi unalipeleka ua pale pale unapolitaka. Karaha zake sasa! Vumbi la kiangazi linaung'ang'ania mpaka uuoshe kwa sabuni ya vyombo ndipo unate tena. Wino wa ofisini unaulegeza. Nilikuwa na seti moja niliyoigongea wino huo, ikageuka ulimbo, nikaitupa na sanduku lake.

Hata hivyo mimi nilikuwa mtu wa kioo. Wenzangu wa mpira nilikuwa nawacheka, nawaita makarani.

Sasa dada. Yeye ni wa kwanza kwetu, mimi wa mwisho. Mama alipofariki nilikuwa mdogo wa kubebwa, na aliyenibeba ni dada. Alinilea kwa pesa ya mwalo. Mwalo ni pale mchanga wa mgodini unapooshwa kutafuta dhahabu. Huko upande wa Kharumwa, mwaka baada ya mwaka, dada aliinama kwenye beseni akichanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, anaukanda kama unga wa chapati, anakamua kwenye kitambaa, halafu anachoma kwenye kikaango mpaka zebaki ipae na moshi, ibaki dhahabu. Moshi ule haupai wote. Mwingine unaingia puani. Sare zangu na daftari zangu zote zilitoka kwenye kikaango kile.

Mtu aliyewauzia zebaki aliwaambia haina neno, ni dawa tu ya kukusanya dhahabu. Yeye mwenyewe aliishika kwa glavu. Nikimkumbuka na glavu zake natamani kumtafuta hadi leo.

Mikono ya dada ikaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, kama ya mtu mwenye baridi. Baadaye hata akiandika jina lake kalamu inaruka. Watu walisema anakunywa kwa siri. Waliomwonea huruma walisema karogwa. Nikampeleka hospitali, na daktari akasema ni zebaki, auache ule moshi kwanza. Mengine yataonekana polepole, na huenda mikono isirudi yote kama zamani.

Basi akaja kwangu. Akawa anafua nepi, anapepeta mchele, anambembeleza mtoto. Nikadhani tumemaliza. Jioni moja tunachambua mlenda akaniambia, "Mdogo wangu, mimi sili vya bure kwa shemeji. Kama hapa hakuna kazi ninayoiweza, narudi mwalo."

"Urudi ukafe?"

"Kufa ndio huku kukaa mikono mapajani."

"Dada, daktari alisema..."

"Daktari kasema niache moshi. Hakusema nile wapi."

Hakuwa ananitisha. Dada hatishi mtu, akisema anaondoka unamkuta stendi. Nikajua nina muda mfupi wa kumpatia kazi ambayo mikono ile itaiweza, la sivyo nitamsindikiza kwenye kikaango kwa mguu wangu mwenyewe.

Nikampa muhuri wa kioo. Akili yangu ilinituma hivi: mkono haujui unakokwenda, basi macho yausaidie. Nilimwekea ua la waridi, manila nyeupe, pedi ya wino mpya. "Angalia chini, likifika mahali pake shusha."

Akashusha. Ua likatoka mawili, moja juu ya jingine, kama unavyoona ukiwa na homa. Akashusha tena, likateleza na mkia. Nikamwambia pole pole, dada. Akaenda pole pole, ikawa mbaya zaidi, maana mkono ule ukiuchelewesha ndio unapata nafasi ya kucheza. Nikamwambia shikilia pembeni. Nikamwambia vuta pumzi. Nikamwambia mambo mengi, kama mwalimu aliyeishiwa somo.

Alijaribu siku kadhaa bila kulalamika. Mimi nikachagua zile zilizotoka afadhali, nikazichanganya na zangu, nikaufunga mzigo wa mama wa bibi harusi nikisema hataona.

Akaona.

"Hizi nani kagonga? Mlevi?"

"Shikamoo kwanza, mama," nikamjibu, maana alikuwa hata hajasalimiwa.

"Marahaba. Nimeuliza."

"Kagonga mtu asiyekunywa pombe, anayeumwa. Na wewe ungeosha mchanga kwa zebaki miaka aliyoosha yeye, leo ungeshindwa hata kushika hilo kanga lako."

"Mimi nimekuja kuchukua kadi, sikuja kuhesabiwa magonjwa. Wakwe watasema nini? Ua lina kivuli!"

"Basi waambie wakwe wavae miwani!"

Jirani akacheka. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Tungeendelea, lakini pazia likafunguka, dada akatoka, mikono kaificha chini ya kanga. Akampigia goti, yeye aliyemzidi au kulingana naye umri, akasema, "Tusamehe, mama. Tutakurudishia nyingine." Yule mama akaona haya kidogo, akageuza uso, akasema anazitaka kabla ya Jumamosi, akaondoka.

Nilikuwa nimewaka. Nilimgeukia dada mwenyewe. "Unampigia goti wa nini?"

Alikaa kwenye kigoda, akauchukua ule muhuri wa kioo, akaunyanyua usawa wa macho. "Huu unanionyesha," akasema. "Kabla sijagonga naliona ua linacheza. Nikiliona linacheza, na mkono unaogopa, unacheza zaidi. Heri nisione."

Kumbe nilikuwa nimempa dirisha la kutazamia ugonjwa wake, kutwa nzima, ua kwa ua.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa fundi wa mihuri, karibu na soko. Kaka mmoja mcheshi, meza yake imejaa vibao vya makatibu na wenyeviti.

"Karibu, dada. Muhuri wa ofisi gani?"

"Sina ofisi. Nataka ua la pamba."

"Chama cha ushirika?"

"Ua tu."

"Ua tu." Akaweka kalamu chini. "Dada, mimi nachonga mihuri ya watu wenye vyeo. Hili ua lina cheo gani? Nikikutengenezea, si utakuja kuninunulia kesi?"

"Kaka, umewahi kuona mtu ametapeliwa kwa ua?"

"Wewe hujaolewa nini?" Akacheka mwenyewe, akachora. Nikamwambia mpira uwe mnene, kibao kiwe kizito, na mpini uwe wa kushikwa kwa ngumi nzima, mrefu. Nikamwonyesha kwa mkono.

"Huo ni muhuri au mchi wa kinu?"

"Wewe tengeneza."

Nikaupeleka nyumbani ndani ya mfuko. Dada aliutazama, akautupia mkono wa kulia, akauzungushia vidole vyote. Ule mpini mnene ukaujaza mkono. Akasimama. Hakukaa kama mimi ninavyokaa nikigonga. Alisimama, miguu kaipanua, akapiga pedi, akaupeleka muhuri juu ya manila na kuulalia kwa bega, kwa mgongo, kwa uzito wote aliotwangia mahindi tangu utoto. Hakuupa mkono nafasi ya kufikiri. Ukishafika chini umefika, na ukishalaliwa na mwili mzima hautetemeki.

Akaunyanyua. Ua moja. Moja tu, kingo zake kali, hadi mishipa ya majani inaonekana.

Akagonga jingine.

Nisidanganye, hayakukaa mahali pamoja. Moja juu, moja chini, jingine limelala ubavu, kwa sababu kibao kinaziba na yeye hataki kuona. Nilipigilia vijiti viwili mezani viwe kona ya kumwongoza. Aligonga mara mbili, akaving'oa. "Unanifunga kama mbuzi wa mnadani," akasema. Nikaacha. Tukakubaliana: yeye atagonga ua linapotaka kukaa, kwa mpira. Mimi nitakuja nyuma yake na wa kioo, niitazame nafasi iliyobaki, nipachike maneno yanyooke. Kwa mara ya kwanza nikauona ubora wa muhuri wangu bila kuudharau wa mwenzake. Wa kioo ni wa mtu ambaye macho yake yanamsaidia. Wa mpira unafaa pale ambapo macho yanamsaliti mtu, na bado ana bega. Mtu akiniuliza leo anunue upi, simjibu mpaka nione mikono yake.

Mama wa bibi harusi alirudi. Safari hii dada ndiye aliyemkabidhi. Yule mama akazipitia moja moja, akisonya.

"Hili mbona limeshuka chini hivi? Na hili liko juu."

"Pamba shambani haikai kwenye mstari, mama," dada akamwambia.

"Aka! Siku hizi tunapanda kwa mstari, bwana shamba anatusumbua kila msimu."

"Basi hiyo ni ya zamani."

Yule mama akacheka, hata mimi kicheko kilinitoka. Akaipitishia kidole kadi moja, akairudia. "Hii wino wake unashikika," akasema. Akazifunga kwenye kanga, akamwambia dada "wabeja", asante ya Kisukuma, akaondoka. Samahani ya lile neno lake la mwanzo hakuitoa. Bado namsubiri aitoe. Nikimkuta sokoni nitamkumbusha, na sitamkumbusha kwa sauti ndogo.

Kipaimara kikafuata, kazi ikawa nyingi. Siku moja tunagonga, simu ya dada ikaita. Alikuwa mwenzake wa mwalo, mwanamke aliyekuwa akiinama naye beseni moja. Simu ile ni mbovu, maneno ya upande wa pili unayasikia yote.

"Mayo, mama! Mchanga mpya umeshuka, mzuri kweli. Njoo tugawane."

Nikaacha kugonga. Nilikuwa na utepe mdomoni, sikuutema. Dada aliutazama muhuri mkononi mwake, akautazama mlango.

"Siji," akasema.

"Umepata mume?"

"Nimepata muhuri."

Kule upande wa pili kukapasuka kicheko. "Yaani umekuwa mwenyekiti wa kijiji, wewe!"

Dada naye alicheka mpaka akaketi. Halafu akaacha kucheka, akaisogeza simu karibu na mdomo. "Bhebhe, wewe, nisikilize. Uzi kwenye sindano unatunga mwenyewe?"

Nikasikia kuku wa huko, na mashine ya kusaga mawe kwa mbali.

"Natungiwa na mtoto," yule mwanamke akasema. "Macho yameanza kuchoka."

"Si macho."

"Najua."

Dada akashusha pumzi. Nikaona ngumi yake inaukaza mpini. "Njoo huku," akamwambia.

"Nije nifanye nini na mikono hii?"

"Huku kuna mihuri ya aina mbili. Uje tuone mkono wako unataka upi."

Nyumba yangu ina vyumba viwili. Tupo mimi, baba mtoto, mtoto anayelia kwa zamu zote, na dada. Hakuna aliyeniuliza. Nilitema utepe, nikafungua mdomo niseme hivyo hivyo kama yalivyo, na dada akawa ananiangalia, simu bado iko sikioni, anasubiri.

"Muulize," nikasema, "mlenda anakula?"