Mihogo ya Mama Flavia

Mwanne alipomwona baba yake akija katikati ya safu mbili za nyumba mpya, kanzu imeshika vumbi mpaka magotini, hakukimbia kumpokea. Alisimama na mchi mkononi. Miaka miwili mzee yule hakumtumia hata salamu, tangu siku alipokwenda bomani Tabora akaolewa na Sylvester, Mkristo wa upande wa Bukene, mbele ya karani na mashahidi wawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kuona wanakulisha nini."

Baba yake, Mzee Shomari, alikuwa mshona kanzu, na mababu zake waliingia Tabora na misafara ya Ujiji. Nyumbani kwake chakula kilikuwa wali. Vingine vyote vilikuwa vya kushikiza tumbo. Ilikuwa Ramadhani, naye alikuwa ametembea mwendo wa saa mbili kutoka stesheni, kwenye jua, akiwa amefunga. Mwanne akamtandikia mkeka kivulini, akampa maji ya kutawadha, kisha akaingia jikoni na kusimama tu.

Jikoni hamkuwa na kitu. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Watu walishushwa hapo na malori ya serikali miezi mitatu nyuma, wahamie kijiji cha ujamaa, wakaonyeshwa mistari ya kujenga. Mahindi waliyoyaacha kwenye mashamba ya zamani yalikauka yakiwa na kimo cha goti, na unga wa njano wa mgao ulikwisha juzi. Sylvester na mama yake, Mama Flavia, walikwenda msibani kijiji cha pili, warudi kesho. Kilichobaki ni mtungi mkubwa nyuma ya nyumba, umefunikwa na kuwekewa jiwe. Ndani mlikuwa na mihogo iliyomenywa, imelowekwa tangu jana.

"Usiiguse mpaka nirudi," Mama Flavia alikuwa amemwambia.

Mama mkwe huyo alimfundisha mengi. Alimfundisha kusonga ugali wa mtama usiwe na mabuje, kupika mlenda, kutwanga majani ya kunde yaliyokaushwa na kuyaunga kwa karanga. Lakini alifundisha kwa mikono. Mwanne akikosea, mama alimpokonya mwiko taratibu, akamalizia mwenyewe, bila neno. Mwanne aliuogopa ule ukimya kuliko angeogopa matusi. Kwa hiyo aliposikia usiiguse, alielewa jambo moja tu: bado haaminiwi na chakula cha nyumba, hasa mwaka wa njaa.

Sasa baba yake alikuwa nje, na jua lilikuwa linashuka. Arudi mjini akawaambie watu kwamba mwanawe hana hata cha kufuturisha?

Aliondoa jiwe.

Muhogo aliujua tangu utotoni. Sokoni Tabora watoto huutafuna mbichi wakienda chuoni kusoma Kurani. Aliukata vipande, akautia chunguni, akatwanga karanga alizokuwa ameficha za mbegu, akaongeza kitunguu na pilipili, kama mama yake marehemu alivyopika futari. Harufu ilipotoka, alimsikia baba yake nje akikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeridhika. Hakuonja. Angewezaje kuonja, naye yuko kwenye saumu?

Jua lilipozama, mzee alifungua kwa tende aliyokuja nayo mfukoni, akaswali, akasogezewa sahani. Mwanne akarudi jikoni kwa adabu, akanywa maji, akachukua kipande chake.

Kwanza ilikuja karanga, kisha pilipili. Halafu, nyuma ya ulimi, ukaja uchungu ambao hakuwahi kuukuta kwenye muhogo wowote, ukakaa pale, ukakataa kumezwa. Alitema kiganjani. Pale pale akaelewa lile jiwe lilikuwa la nini. Akakitupa kile kipande motoni.

Alipotoka, sahani ilikuwa imebaki na vipande viwili.

"Baba, acha."

"Namalizia."

"Ni michungu, baba. Hukusikia?"

"Nilisikia," mzee alisema. "Nikadhani ndiyo mapishi yao. Nisingekutia aibu kwenu."

Mwanne alimnyang'anya sahani. Hakuwahi kumnyang'anya baba yake kitu chochote maishani.

Haikuchukua muda mzee akalalamika kuumwa kichwa, kisha akainamia pembeni ya mkeka akatapika, akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Mwanne akatazama ile safu ya nyumba. Majirani hawa walikusanywa kutoka kila upande, hawakumjua. Walimjua tu kama mke wa mjini asiyekula nao. Akipiga kelele, kesho atakuwa mwanamke aliyemlisha baba yake sumu. Asipopiga, je?

Alikimbia mpaka kwa Mzee Ngollo, balozi wa nyumba kumi, akasema yote mlangoni, bila kuficha hata lile jiwe. Ngollo alimtuma mtu kwa baiskeli kwenda msibani, akaja na mkewe wakakaa na mgonjwa, wakimwosha uso, wakimgeuza ubavu. Watu wakajaa uani. Mwanne aliwasikia wakinong'ona Kinyamwezi, na ingawa hakuelewa yote, jina lake alilielewa.

Mama Flavia alifika alfajiri na Sylvester, khanga imelowa umande. Alimtazama mzee, aliyekuwa amejikunja akipumua kwa shida lakini akipumua. Akakitazama chungu. Mwanne alingoja apokonywe kitu, lakini mikononi hakuwa na kitu cha kupokonywa.

"Kosa ni langu," Mama Flavia aliwaambia watu waliokuwa uani, kwa Kiswahili, ili Mwanne naye asikie. "Nilimkataza, sikumwambia muhogo huu unaua usipolowekwa siku za kutosha. Mimi nilidhani kila mtu anajua."

Kisha akaketi chini karibu na Mzee Shomari. "Pole, mkwe."

"Nimeshapoa," mzee alisema kwa sauti ya karatasi. "Ila pilipili ilikuwa nzuri."

Hakuna aliyecheka.

Mzee Shomari alikaa siku tisa kabla miguu haijamruhusu kurudi stesheni. Katika siku hizo Mama Flavia alimfundisha Mwanne muhogo upya, safari hii kwa maneno: maji yanavyonuka unapokaribia kuwa tayari, kidole kinavyozama, jua linavyopaswa kuukausha mpaka uvunjike kama kijiti. Mwanne aliyarudia maneno yote kwa sauti, kama mtoto wa chuoni.

Jioni ya mwisho alisonga ugali wa unga wa muhogo ule, mweupe, laini, akautenga mbele ya baba yake, mama mkwe na Sylvester. Adabu ilimtaka arudi jikoni. Alipiga magoti pale pale mkekani, akamega tonge la kwanza, akalimeza mbele yao wote, akaweka mikono mapajani.

Mzee Shomari alikuwa ameshanawa. Hakuugusa ugali. Wote walikaa wakimtazama Mwanne, naye alikuwa akilisikiliza tumbo lake.