Redimedi ya Duka la Kona

Neno redimedi lilimtia Mama Sindano kichefuchefu. Ukilitaja mbele yake alisonya, akatema kipande cha uzi, akakuuliza: kwani zinaota mtini? Redimedi maana yake nguo iliyokwisha kushonwa, basi. Lakini mtaani walilitamka kana kwamba nguo hizo hazijaguswa na mkono wa mtu, na za fundi cherehani ndizo zinazonuka jasho. Lo, watu wana mambo!

Kilichomchefua zaidi ni kwamba aliyekuwa akizishona ni yeye. Mwenye duka la kona alimletea vitambaa kwa mlango wa nyuma, akarudi kuchukua magauni, akayabandika lebo ya dhahabu na kuyatia kwenye nailoni. Haya, redimedi hiyo! Sharti lake, fundi afunge mdomo, hata kwa wa nyumbani kwake. Akaufunga, maana mkono mtupu haulambwi.

Vipimo hakupewa. "Shona ya msichana wa kawaida tu," aliambiwa. Msichana wa kawaida ndiye nani? Mkasi wake ulifuata mwili anaoujua, wa bintiye: mgongo mrefu, bega la kushoto limeshuka.

Sasa binti huyo alikuwa anaolewa, na mama alitamani jambo moja tu, amshonee gauni la harusi.

"Mama, usinune," binti alimwambia. "La kushonwa hapa nyumbani? Watanicheka. Mimi nataka redimedi."

Mama wa watu akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi binti akaingia na nailoni yake, akavaa, akazunguka mbele ya kioo. Mama alilitambua gauni hata kabla halijatolewa.

"Ona, Mama! Limenikaa utadhani nimepimwa. Hata hili bega langu bovu halionekani! Fundi gani wa hapa angeweza? Kizuri chajiuza, bwana!"

Mama Sindano aliona kinyaa. Kinyaa cha lile duka, kinyaa cha lebo, na zaidi kinyaa cha mdomo wake mwenyewe uliofungwa muda wote huo.

"Pindua pindo," alisema.

Utotoni binti alikuwa na mchezo wa kufumua mapindo, ndiyo maana mama yake alizoea kuyamalizia kwa fundo nene lisilofumuka. Binti akapapasa pindo. Kidole kikakwama kwenye fundo.

"Mama..."

"Simama wima." Mama alishika wembe, akaikata ile lebo na kuiinua kwa ncha za vidole, kama anayeokota mende. "Inakukwaruza shingo."