Mistari Niliyoifuta katika Barua ya Udaktari

Binti yangu alipopata diploma yake ya sekondari kwa alama nzuri, kijiji chetu kizima cha Mushaki kilijua kwamba anataka udaktari. Tulikusanya dosiye ya maombi: buletini za alama za shule, cheti cha mwenendo mwema, picha ambazo hakutabasamu. Ikabaki barua ya kueleza kwa nini anataka kazi hiyo. Aliiandika mwenyewe, amekalia ndoo ya maziwa iliyopinduliwa, akaniletea nimsahihishie Kifaransa, maana mimi ndiye niliyewaandikia majirani barua zao.

Alikuwa ameandika juu ya kifo cha mama yake.

Kwetu mlimani mgonjwa hubebwa kwenye kipoyi, machela ya miti, wanaume wakipokezana mabegani mpaka kituo cha afya. Kila nyumba hutoa mtu. Mimi nilikuwa nimeacha kwenda. Nilisema nina ng'ombe wa kukamua. Siku mke wangu aliposhikwa na uchungu, damu ikatangulia mtoto, nikakimbia kuwaita wabebaji.

"Papa, leo ng'ombe zako haziwezi kubeba?" aliuliza mmoja wao. Wengine wakacheka.

Walikuja, lakini baada ya kunisema mpaka jua likawa la utosi. Mke wangu alifia njiani, mabegani mwao, mtoto akiwa bado tumboni. Binti yangu, wakati huo bado mtoto wa shule ya msingi, alikuwa nyuma yetu amebeba nguo za mtoto.

Hayo yote aliyaandika bila kunitukana. Nikachukua kalamu nikayafuta.

"Papa, hiyo njo sababu yangu," alisema.

"Walimu wa chuo hawatafuti mambo ya nyumbani."

Nikamwandikia mengine, juu ya taifa na kuhudumia binadamu, kwa Kifaransa cha wakati wetu, kila sentensi imevaa tai. "Na wakikuuliza," nikamwambia, "mimi usinitaje."

Walimwita Goma kumhoji. Aliporudi alivua viatu mlangoni, akakaa.

"Waliniuliza kama nilishaona muntu anakufa sababu daktari iko mbali."

"Ukajibu nini?"

"Nilitafuta jibu mu barua yako. Haikukuwa."

"Si ungesema tu, binti yangu?"

"Ulinikataza, Papa."

Hakuchukuliwa. Tulitaka kujaribu tena, lakini vita vikafika barabarani, ng'ombe wakaporwa, na sisi tukakimbilia Walikale. Sasa yuko Omate, kwenye machimbo, anauza vidonge katika kibanda cha turubai. Wachimbaji wanamwita dokta, wengine kwa utani, wengine kwa kuwa hawana mwingine.

Juzi alinipigia simu. Nilisikia mwanamke akilia karibu naye.

"Papa, kuna mama hapa, anatoka damu na mutoto hajazaliwa. Sina kitu ya kumufanyia. Nifanye nini?"

Mimi niliyekuwa na maneno makubwa kwa kila barua nilimwambia aite wabebaji.