Siku Waliyolima kwa Mama Bila Kula

Nilikuwa mwalimu wa sayansi, na mpaka leo naamini kwamba nisingekuwa mwalimu, mama yangu angekula na wenzake.

Ilikuwa miaka ya tisini, nyumbani Kilungu. Mama alikuwa amerudi kutoka Nairobi, alikochomwa kwa mionzi wiki baada ya wiki kwa sababu ya uvimbe kwenye titi. Alirudi na alama za wino wa zambarau kifuani na hamu moja tu: kurudi kwenye mwethya, kikundi cha akina mama waliolimiana matuta kwa zamu. Huko mwenye shamba hupika, na wote hula kutoka sufuria moja. Ukilima kwa mtu ukaondoka bila kuonja chakula chake, umemwambia neno ambalo hakuna anayelitamka.

Jumapili moja baada ya ibada, wanawake wale walinizunguka nje ya kanisa. Walitaka kujua kama moto wa ile mashine huweza kutoka kwa mgonjwa ukamwingia mtu mwingine. Jibu lilikuwa fupi: hapana. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Laiti ningeishia hapo! Lakini mwalimu akipata wasikilizaji hunyamaza lini? Nikawaongezea jambo nililolisikia kwa daktari nilipomuuliza kama madhara huishia kwenye mstari wa wino. Aliniambia watafiti walikuwa wameanza kuona kwamba ndani ya mwili, seli ambayo mionzi haikuigusa kabisa huweza kuharibika kwa sababu tu iko karibu na iliyoguswa. Ile iliyopigwa hutoa ujumbe, nyingine huupokea, nayo ikaugua.

"Ni kama nyinyi," nikawaambia, "mmoja akipiga filimbi ya mwethya, wote mnaitika."

Mfano wangu ulinifurahisha sana. Walitikisa vichwa kukubali, nami nikadhani wameelewa. Kweli mdomo huponza kichwa, ila safari hii kilichoponzwa hakikuwa kichwa changu.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mama. Alikuwa amekoboa mahindi ya muthokoi kwenye kinu mwenyewe, mkono wa upande uliochomwa ukimuuma, na akakataa kusaidiwa. Wanawake walikuja na majembe yao, wakaimba, wakachimba matuta matatu, tena vizuri. Saa ya kula ilipofika, mmoja akakumbuka ng'ombe wake hajanyweshwa. Mwingine alikuwa na mgeni. Katika muda mfupi shamba lilibaki tupu na sufuria ilibaki imejaa.

Nilimkimbilia mwenyekiti wao, nikampata kwenye njia ya kuteremkia mtoni.

"Mwalimu, usikasirike," akasema. "Si ni wewe ulisema ile imechomwa inaharibu ile iko karibu, hata kama haikuguswa?"

"Nilisema ndani ya mwili! Seli! Vitu vidogo hata havionekani kwa macho!"

"Sasa kama havionekani, sisi tutajuaje vimefika wapi?"

Nilirudi nimefura, nikamkuta mama jikoni akifunika sufuria. Nikaanza kuwatukana wale wanawake. Nikasema ni wajinga, ni waoga, nitabeba ubao wa shule mpaka kanisani niwachoree seli moja moja mpaka waelewe.

Mama aliniacha nimalize.

"Wao angalau wamekuja kulima," akasema. "Wewe tangu nitoke Nairobi hujaniletea mtoto wako nimpakate hata siku moja."

Nilikuwa na sababu zangu: kifua chake kilikuwa bado na kidonda, mtoto anarusha miguu, na mama mwenyewe alihitaji kupumzika. Nilifungua mdomo nizitaje, nikaona aibu. Hakuna mtu Kilungu nzima aliyejua vizuri kuliko mimi kwamba hakukuwa na hatari yoyote, na bado sikuwa nimempeleka.