Kadi ya Nyuso

Leo nimeulizwa kama nimechoka, na mpaka saa hii siwezi kutulia.

Mtafiti alikuja wodini kwetu hapa Meru, wodi ya watoto wenye saratani, kupima uchovu wa manesi.

"Sista, kazi imekulemea kiasi gani?"

"Niko sawa. Tunashukuru Mungu."

(Si ndio jibu letu sote?)

Kendi, mgonjwa wangu wa miaka sita, aliyekuwa akitusikiliza kitandani, akachukua ile kadi ya nyuso zilizochorwa, kuanzia unaocheka hadi unaolia. Kila asubuhi huwa namwambia aguse uso unaofanana na maumivu yake.

Akaninyooshea. "Gusa. Na usidanganye."

Jamani, mbele ya mgeni!

Nikagusa ule unaolia.

Kendi akaniambia vile mimi humwambia: "Pole. Dawa inakuja."

Manesi wenzangu, yetu inaletwa na nani?